Daftari la Mzee Wetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenipa kazi ya kusema machache juu ya mzee wetu aliyetutoka mwaka wa 2019, baada ya kuishi miaka ipatayo 98. Jina lake sitalitaja. Ninyi nyote mlioketi hapa mwalijua, na mwenyewe hakupenda jina lake lipigwe chapa mahali po pote isipokuwa katika stakabadhi za ada ya Chama, ambazo alizitunza zote tangu alipojiunga nasi mwaka wa 1949.

Sikuchaguliwa kwa sababu ya ufasaha. Nimechaguliwa kwa kuwa nililala katika chumba chake kule Majengo, Mombasa, kwa miaka minane, tangu mwaka wa 1968 hata alipostaafu mwaka wa 1976. Mtu uliyelala naye chumba kimoja, ukamwona akiwa na njaa, akiwa na homa na akiwa na fedha, wamjua kuliko unayemwona siku ya sikukuu amevaa kanzu safi. Tena liko jambo moja ambalo mzee ameliacha mikononi mwetu ili mkutano huu ulikate. Nitalieleza mwisho, maana asiyeyajua maisha yake hawezi kulifahamu.

Alizaliwa katika milima ya Taita, upande wa Wundanyi. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Yeye mwenyewe akisema kwamba alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi nzige walipoingia mwaka wa 1928, akaona mahindi ya baba yake yakiliwa mchana kweupe, nao wakipiga madebe bila faida. Alisoma kwa wamisionari miaka mitatu, akajua kusoma, kuandika na hesabu za kujumlisha na kutoa. Elimu yake yote ilikuwa hiyo, na mtaona alivyoitumia.

Mwaka wa 1941 aliteremka Voi, akapanda treni kwenda Mombasa kutafuta kazi. Akawa kibarua wa gatini Kilindini. Wazee wanaoikumbuka kazi ile hawahitaji kuelezwa, lakini vijana yafaa wasikie. Kila asubuhi watu walikusanyika langoni, na nyapara akachagua mabega aliyoyataka. Aliyechaguliwa alichukua magunia ya kahawa na pamba na soda ya Magadi, ile soda inayochoma macho, hata jua likatua. Asiyechaguliwa alirudi Majengo bila kitu. Shingoni walivaa kipande, ambacho sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915, na mtu asiyekuwa nacho alikuwa si mtu.

Mwaka wa 1943 alioa. Na hapa, wanachama wenzangu, ndipo pana kiini cha hotuba yangu. Katika miaka ile mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja tu, asiye na mke wala mtoto. Nyumba zilijengwa kwa kipimo hicho hicho: kitanda kimoja, na mara nyingi kitanda hicho hakikuwa na nafasi hata ya sanduku chini yake. Mke na watoto walidhaniwa kuwa watalishwa na shamba la kwao. Mwaka wa 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter iliposhauri kwamba mshahara wa chini uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu pamoja na jamaa yake. Wakati huo mzee wetu alikuwa amekwisha kuwa baba wa watoto wanne. Mji ulimtaka awe mseja wa mikono miwili tu. Yeye alikataa, na kukataa kwake hakukuwa kwa maneno.

Alinunua daftari. Katika daftari lile aliandika kila senti iliyoingia na kila senti iliyotoka, na ukurasa wa kwanza wa kila mwaka aliandika majina ya mkewe na watoto wake, mmoja mmoja, pamoja na mahitaji ya kila mmoja. Kaniki ya mama. Kaptura ya mvulana. Chumvi, sukari, mafuta ya taa. Karo. Kisha akaandika siku alipopeleka manioda, na siku barua ya kuipokea iliporudi. Wenzake wakamwita bahili. Ni kweli kwamba hakununua chai hotelini, wala hakukopesha mtu bila kumwandika. Mimi mwenyewe nilipopata mshahara wangu wa kwanza, nikiwa na miaka 18, niliumaliza kwa suruali na sinema kabla juma halijaisha. Nilipokuja kuomba nauli hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: "Umeandika?" Akanipa nauli, akaniandika.

Lakini fedha hazikumtosheleza, maana alijua kwamba mtoto hamjui babaye kwa manioda. Kila mwezi wa pili, kazi ikiruhusu, alipanda treni ya jioni, daraja la tatu, maili mia hivi mpaka Voi. Alilala stesheni, kwa kuwa nyika ile ina ndovu na simba, na mtu mwenye watoto hana haki ya kujaribu ushujaa wa usiku. Alfajiri alitafuta lori hadi Mwatate, kisha akaupanda mlima kwa miguu na mzigo kichwani. Alikaa nyumbani siku moja, pengine mbili, akatengeneza paa na kuchimba mtaro, kisha akateremka tena.

Alinisimulia safari moja ya mwaka wa 1946, alipofika mlangoni na binti yake wa kwanza, wa miaka miwili, akakimbia akajificha nyuma ya mamaye akisema, "Mama, mgeni." Alicheka pamoja na majirani. Lakini aliponisimulia mimi, miaka zaidi ya ishirini baadaye, hakucheka. Alisema kwamba tangu siku ile hakukosa safari isipokuwa kwa ugonjwa, au kwa mgomo, au mvua kubwa ya mwaka wa 1961 ilipokata njia.

Nimetaja mgomo. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi, wa gatini, wa reli, wa mahotelini na watumishi wa nyumbani, na mgomo ule ukaendelea karibu majuma mawili. Watu walikutana katika uwanja wakauita Kiwanja cha Maskini, na Bwana Chege Kibachia akawa kiongozi wao, naye baadaye mwaka ule ule akakamatwa na kuhamishiwa Baringo. Mzee wetu alikuwapo uwanjani kila siku. Aliwaambia wenzake kwamba hakugoma ili apate mkate zaidi wa kula mwenyewe, bali ili siku moja mtu akiulizwa mshahara wake unalisha wangapi, asione haya kutaja hesabu ya kweli.

Nimeuona ukurasa wa mwezi ule. Upande wa vitu vilivyopelekwa nyumbani ameandika: "Januari. Hakuna. Mgomo." Na upande wa mapato, mahali pa mshahara, ameandika: "Kutoka kwa mke wangu, viazi gunia moja, ndizi mikungu miwili, kwa mkono wa jirani." Mkewe alikuwa amesikia habari, akachimba viazi, akavipeleka kwa watu waliokuwa wakiteremka stesheni Voi. Akina mama, nawaomba mwuangalie ukurasa huo. Mzee hakuona kwamba yeye peke yake ndiye mlishaji wa nyumba. Aliandika aliyopokea kwa mkono ule ule ulioandika aliyotoa. Ni wanaume wangapi kati yetu wenye daftari la namna hiyo, hata la moyoni?

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nafika mahali ambapo wengine wangependa nipapite kimya kimya. Nilimwuliza binti yake wa kwanza kama niseme au nisiseme. Alinijibu kwamba nisiposema hili, nitakuwa nimemzika mtu mwingine.

Mwaka wa 1955 binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amefanya mtihani wa darasa la nne akashinda, na nafasi ya shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, ilikuwa tayari. Mwaka huo mama yake alijifungua mtoto wa tano, akaugua muda mrefu. Fedha zilikuwa za karo ya mtoto mmoja. Nduguye wa kiume alikuwa nyuma yake. Majirani wakasema, kama walivyosema watu wengi siku zile, kwamba binti ni wa nyumba ya wengine. Mzee akaandika barua kutoka Mombasa: binti akae nyumbani, amtunze mama na watoto, na mvulana aendelee. Barua ya kujibu ilikuwa fupi kuliko zote alizopata kupokea. Ilisema, "Baba, nimesikia."

Barua ile niliiona kwa macho yangu, imekunjwa ndani ya daftari. Mwanzoni sikuelewa kwa nini ameitunza. Siku moja nilikuwa nikijifunza hesabu kwa kuzifuata hesabu zake, nikafika kurasa za nyuma alikoandika madeni. Fulani, shilingi tano. Fulani, shilingi mbili na nusu. Yote yamekatwa kwa mstari. Katikati pana deni moja lisilokatwa, na si la mtu aliyemwia, ni la mtu anayemwia yeye: "Binti yangu wa kwanza. Miaka minne ya shule." Tarehe ni ya mwaka wa 1958. Kwa hiyo alikaa na jambo lile miaka mitatu kabla ya kuliandika. Nilimwuliza, nikiwa kijana asiye na adabu ya kutosha, deni la namna ile hulipwaje. Akasema, "Dawa ya deni ni kulipa. Namna yake bado naitafuta."

Wazee wangu, sote twajua jinsi baba anavyoweza kujitetea. Angaliweza kusema kwamba wakati ulikuwa mgumu, na ingekuwa kweli. Angaliweza kusema kwamba mke alikuwa mgonjwa, na ingekuwa kweli. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angalimlaumu. Lakini alitofautisha sababu na malipo. Sababu humweleza mtu kwa nini amekopa, hazimlipii.

Alistaafu mwaka wa 1976, akarudi mlimani kwa mkewe. Binti yake alikuwa ameolewa karibu, ana watoto sita, na wanne kati yao ni wasichana. Karo ya wasichana wale wanne aliibeba babu yao. Aliuza mboga na ndizi, akapanda miti akaiuza, na akiba yake ya gatini ikaishia humo. Lakini hakulihesabu jambo hilo kuwa malipo. Alisema kwamba hao ni wajukuu, wana deni lao. Mwenye deni la kwanza ni mama yao.

Mwaka wa 1979 serikali ilipoanzisha kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma kwa watu wazima, madarasa yalifunguliwa nchini kote, na moja likafunguliwa karibu na kwa binti huyo. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Kusoma alikuwa amekusahau nusu. Alitamani kwenda, lakini nani atachunga mbuzi alasiri, na nani atamshika mtoto mdogo? Mzee wetu akateremka kwake alasiri moja, fimbo mkononi, akasema, "Nenda shule. Mbuzi ni wangu mpaka utakaporudi." Akafanya hivyo siku zote za masomo, muda wa miaka minne, mtoto mgongoni na mbuzi mbele yake, mzee mzima wa miaka zaidi ya hamsini. Watu wakamcheka. Mbeba mtoto mgongoni ni mwanamke, wakasema. Yeye akajibu kwamba mgongo wake ulikwisha kubeba magunia ya watu asiowajua, iweje usibebe damu yake.

Binti alisoma, kisha akawa mwalimu wa kujitolea wa darasa lile lile, akawafundisha wenzake kuandika majina yao. Wako akina mama humu ndani walioshikwa mkono naye. Siku alipoanza kufundisha, alimwambia baba yake kwamba sasa aweza kulikata lile deni kwa mstari. Mzee akakataa. Akasema kwamba anayefuta deni si mdaiwa, ni mwenye kudai. Akamwachia daftari na kalamu.

Miaka yake ya mwisho nitaitaja kwa ufupi. Mkewe alipofuka macho, miaka mitatu kabla ya kufariki kwake mwaka wa 2006, mzee ndiye aliyempikia, akamwogesha, akamwongoza uani kuota jua. Jioni alimsomea lile daftari, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba ni kitabu cha hadithi. Mimi nilikuwapo jioni moja nilipokwenda kuwaamkia. Akasoma: "Mwezi wa Agosti, sukari ratili mbili." Mama akamkatiza: "Si kweli, baba. Mwezi huo hukuleta sukari, ulileta maneno." Wakacheka wote wawili hata machozi yakawatoka, na mzee akachukua kalamu akasahihisha. Miaka sitini na mitatu ya ndoa, na bado walikuwa wakilinganisha hesabu!

Sasa nalileta lile jambo la kuamuliwa.

Mzee aliacha maandishi mafupi mikononi mwa bintiye. Aliomba jeneza la mbao za kawaida, litengenezwe na seremala wa kijijini. Aliomba azikwe ubavuni mwa mkewe. Aliomba watakaokuja wapewe chai na mahindi na maharage, asichinjwe ng'ombe. Na michango yote ya matanga itakayobaki, itakayotoka kwa Chama na kwa watu, iwe karo ya watoto wa wanachama walioshindwa, wa kike sawa na wa kiume. Haya matatu ya kwanza yametimizwa. La nne lingali kwa Mweka Hazina, kwa kuwa kanuni zetu zasema kwamba fedha ya matanga hutumika kwa matanga.

Kamati imegawanyika, wala siwadharau waliokataa. Wazee wetu walikianzisha Chama hiki kwa sababu watu wetu walikuwa wakifa mjini na kuzikwa kama mizigo isiyo na mwenyewe. Kuzikwa vema kulikuwa njia yetu ya kusema kwamba huyu alikuwa mtu, ana kwao, ana wake. Mzee huyu aliyajua hayo kuliko mimi. Alisindikiza kwa treni majeneza ya wenzake hadi Voi, akayapandisha mlimani kwa bega lake. Basi asidhaniwe kuwa alidharau mazishi. Mzee wa miaka 98 kuzikwa kwa maharage, baadhi yenu mliona ni aibu kwetu sote.

Lakini naomba tufikiri. Zamani tulichanga ili maiti asipotee. Leo maiti hapotei. Anayepotea ni mtoto. Nimeona nyumba zilizochinja ng'ombe wawili siku ya mazishi, na mwezi uliofuata mtoto wa marehemu akarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Tulikuwa tumeshiba nyama ya karo yake. Mzee wetu alijua uchungu wa kumtoa mtoto shuleni, maana aliubeba tangu mwaka wa 1955. Hakutaka tuupate bila sababu.

Hili ndilo nililojifunza katika chumba kile cha Majengo. Wengi husema wazipenda nyumba zao, na husema kweli. Lakini upendo wa mtu wa nyumba ni kazi ya kila siku, huandikwa na kuhesabiwa, na mwenye upendo huo haogopi kuuona ukurasa wa madeni yake. Mzee wetu hakuwa baba asiyekosa. Alikosa, akaandika kosa lake kwa mkono wake, akalifanyia kazi mpaka nywele zikawa nyeupe. Kama twataka kumheshimu, tusimpambe kwa sifa asizozidai.

Daftari liko hapa mezani. Binti yake amelileta, na atakayependa aweza kulitazama baada ya mkutano. Mtaona kwamba lile deni bado halijakatwa kwa mstari. Nilimwuliza mama huyu, ambaye sasa ana miaka sabini na mitano, kama bado anamdai baba yake. Akasema hamdai kitu. Ameliacha hivyo kwa makusudi, ili wajukuu wakilifunua walione, wajue kwamba katika nyumba yao baba aliweza kumwandikia binti yake kwamba ana deni lake.

Bwana Mwenyekiti, natoa hoja kwamba kanuni ya matanga irekebishwe, ili mwanachama akiacha maagizo kwa maandishi, masalio ya michango yake yaingizwe katika mfuko wa karo, na kwamba salio la mzee wetu liwe la kwanza kuingia. Naomba aungwaye mkono awe mmoja wa wazee waliokataa mwanzoni, ikiwa amekwisha kuridhika. Kama bado hajaridhika, basi na asimame aseme, nasi tutamsikiliza kwa heshima, kama mzee alivyotufundisha kusikiliza.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.